Ukijua umekosea, rudi pale ulipopuliza filimbi



Bila shaka unaikumbuka Ijumaa ya Aprili 5, 2024. Yanga walikuwa Pretoria, Afrika Kusini, katika Uwanja wa Loftus Versfeld, kwa mechi ya marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns. Mechi ya kwanza, hapa Dar es Salaam, ilikuwa imekwisha kwa sare ya 0-0. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti, mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini kwenye eneo la mstari, ukarudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga wakanyoosha mikono juu. Mwamuzi Dahane Beida kutoka Mauritania hakuweka mpira kati. VAR ilikuwepo, na uamuzi ukabaki ule ule: si bao. Dakika zote zikaisha 0-0, zikafuata penalti, Sundowns wakashinda 3-2 na kusonga mbele.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kwanza baada ya Pasaka. Kanisani kwetu watu walifika mapema kuliko kawaida, lakini hawakuingia ndani. Walisimama chini ya mwembe, simu mikononi, wakitazama kipande kile kile cha picha mara kumi. Wa Yanga wanaapa kuwa mpira uliingia wote. Wa Simba wanacheka. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, alisema kwa sauti mbele ya watoto wa Sunday School kwamba mwamuzi yule "amekula hela". Hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Sikuandika leo ili kufungua upya kesi ile. Nimeandika kwa sababu mabishano yale yalinirudisha mbali sana, kwenye kiwanja kimoja cha kijiji cha Kanga, kisiwani Mafia, mahali ambapo mwamuzi aliyekosea nilikuwa mimi.

Kwanza tukumbushane sheria, maana wengi tunabishana bila kuijua. Ili liwe bao, mpira wote lazima uvuke mstari wote wa goli, kati ya nguzo mbili na chini ya mwamba. Ukibaki hata kidogo juu ya mstari, si bao. Mstari wenyewe hauzidi upana wa sentimita 12, na mpira unapita hapo kwa kasi ambayo jicho la mwanadamu haliwezi kuifuata vizuri. Ndiyo maana Juni 27, 2010, kwenye Kombe la Dunia pale Bloemfontein, shuti la Frank Lampard wa Uingereza dhidi ya Ujerumani lilivuka mstari waziwazi, dunia nzima ikaona, mwamuzi na msaidizi wake wasione. Miaka miwili baadaye, 2012, wakuu wa sheria za mpira wakaruhusu mitambo ya kutambua kama mpira umevuka.

Sheria hizo hizo zinasema jambo jingine zito. Mwamuzi akishatoa uamuzi na mpira ukaanza tena, hawezi kuubadilisha, hata akigundua palepale kuwa amekosea. Matokeo yanabaki. Kwa hiyo kila mwamuzi anaingia uwanjani akijua kuwa siku moja atafanya kosa lisilofutika. Swali ambalo sheria ya mpira hailijibu ni hili: baada ya hapo, yeye mwenyewe afanye nini?

Sasa nikupeleke Kanga.

Kanga iko upande wa kaskazini wa kisiwa cha Mafia, kabla hujafika Bweni. Ni nchi ya minazi na bahari. Nilipelekwa upande ule nikiwa mwalimu kijana, miaka ya tisini, na Wakristo tulikuwa wachache sana, tukisali Jumapili sebuleni kwa mwalimu mwenzangu. Jirani zetu Waislamu walitupokea kama ndugu. Kwa kuwa nilikuwa na filimbi na nilijua sheria kidogo, wakanifanya mwamuzi wa mechi za jioni.

Siku hiyo vijana wa kijijini walicheza na kijiji jirani. Kikombe kilikuwa mbuzi, amefungwa kwenye mnazi, anakula majani bila habari. Magoli yalikuwa miti miwili na kamba juu, bila nyavu. Zilibaki dakika chache, hakuna aliyefunga. Mshambuliaji wa wageni akapiga shuti akiwa mbali. Mimi nilikuwa nyuma ya mchezo, nimechoka, jua la magharibi liko usoni. Kipa wetu hakuruka wala hakunyoosha mkono. Alisimama tu akautazama mpira ukipita. Nyuma ya goli nikaona beseni la mihogo ya kukaanga limepinduka, watoto wanakimbilia mihogo, wageni wanashangilia. Nikapuliza filimbi, nikaonyesha kati. Bao.

Yule kipa alikuja akikimbia, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, umepita nje." Nikamwonyesha mkono arudi golini. Mechi ikaisha 1-0. Wageni wakamfungua mbuzi wakaondoka naye wakiimba.

Jioni ile nilipita kwa mama muuza mihogo. Baada ya salamu akaniuliza, "Mwalimu, na mihogo yangu iliyomwagika analipa nani?" Nikacheka, nikamwambia awadai wageni, wao ndio waliofunga. Akasema, "Wamefunga wapi? Mpira umekuja moja kwa moja kwenye beseni langu." Nikamuuliza alikuwa amekaa wapi. Akanijibu kama mtu anayeulizwa jambo la kipuuzi: "Pale pale ninapokaa siku zote, kando ya mti, upande wa minazi. Nikae katikati ya goli nipigwe mimi?"

Mpendwa msomaji, nilisimama pale na senti zangu mkononi. Kama beseni lilikuwa nje ya mti, na mpira ulilipiga beseni bila kugusa kitu kingine, basi mpira haukupita golini kabisa. Kipa hakuruka kwa sababu aliona unakwenda nje. Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimekosea.

Hapo sikuwa na dhambi bado, naamini hivyo. Jua, uchovu na umbali vilinidanganya. Dhambi ilianza usiku ule, nilipoamua kunyamaza.

Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilionekana nzuri. Mechi imekwisha. Mbuzi ameshaliwa. Sheria hairuhusu kubadili matokeo. Mwalimu akikiri kosa mbele ya vijana, kesho nani atamsikiliza darasani? Nikajiambia kuwa ni mpira tu.

Kwa kipa haukuwa mpira tu. Watu waliokaa mbali waliona alivyosimama kama mti, na kwa kuwa mwamuzi alisema ni bao, wao wakapata maelezo yao: ameuza mechi. Kipa gani anautazama mpira ukiingia bila hata kuinua mkono? Kile kile kilichoonyesha kuwa ana jicho zuri, filimbi yangu ilikigeuza kuwa ushahidi wa uhaini. Baada ya siku chache hakuja tena kiwanjani. Baada ya wiki mbili nikasikia kuwa hata kwenye chombo alichokuwa akivulia wamempunguza, eti hawamwamini kugawana samaki na mtu aliyeuza wenzake.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja jirani yangu, Mwislamu mcha Mungu, ambaye tulizoea kuamkiana alfajiri akitoka msikitini. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba mwalimu," kisha hakuondoka. Akasema mama wa mihogo amemweleza. Nikaanza kujitetea, kwamba wao wazee wangeweza kumsemea yule kijana. Akanijibu kwa upole, "Sisi tukisema, wataona twamtetea mtoto wetu. Aliyepuliza ni wewe."

Nikaenda ufukweni, nikamkuta kijana anashona nyavu peke yake. Nikamwomba msamaha. Nilitegemea atakasirika au atafurahi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alivuta uzi, akasema, "Mwalimu, mimi nilijua tangu siku ile. Wasiojua ni wao."

Maneno yale sijayasahau hadi leo. Nilikuwa nimekwenda kutubu mahali pasipo na gharama. Nilimwambia ukweli mtu pekee ambaye hakuuhitaji.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya mechi, nikasimama katikati ya kiwanja mbele ya timu zote mbili, wazee na watoto, nikaeleza: mpira ulipita nje, beseni lilikuwa kando ya mti, kipa alisema kweli, na mimi nilijua tangu jioni ile nikanyamaza wiki tatu. Miguu ilitetemeka kuliko siku ya kwanza kusimama darasani. Kuna waliocheka. Kuna aliyesema kwa sauti kuwa nimlipe yeye mbuzi. Mama wa mihogo nilimlipa. Mbuzi sikuwa na uwezo naye. Matokeo hayakubadilika, na kijana hakurudi golini msimu ule. Lakini kwenye chombo walimrudisha, na msimu uliofuata alisimama tena kati ya ile miti miwili.

Miaka mingi baadaye, nikisoma Mambo ya Walawi, kitabu ambacho wengi tunakiruka, nilikutana na sura ya nne. Inazungumzia makosa yaliyofanywa bila kukusudia. Inataja kuhani, kusanyiko zima, mtawala, na mtu wa kawaida, kila mmoja kwa zamu yake. Kwa mtawala, mstari wa 22 na wa 23, Mungu anaagiza kuwa akijulishwa kosa lake, alete sadaka ya beberu asiye na dosari. Nilipofika kwenye beberu nikamkumbuka yule mbuzi wa Kanga, nikafunga kitabu kwa muda.

Tazama hekima iliyomo. Mungu hasemi kwamba kiongozi hakosei. Anajua atakosea, tena bila kutaka. Wala hasemi kwamba kwa kuwa hukukusudia, basi imekwisha. Kuna wakati ambapo kosa linajulikana kwako, na tangu wakati huo mzigo ni wako. Kabla ya beseni la mihogo nilikuwa mwamuzi aliyekosea. Baada ya beseni nilikuwa mtu anayeficha. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, mstari wa 6 na wa 7, kinaongeza kuwa aliyekosa akiri, arudishe alichodaiwa, na aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe yule aliyemkosea. Toba ya Biblia ina anwani. Inakwenda kwa mtu fulani, mahali fulani.

Kuna mwamuzi mwingine aliyenifundisha hili, wa mchezo ambao hatuuchezi sana hapa kwetu. Juni 2, 2010, mjini Detroit, Marekani, mchezaji wa besiboli aitwaye Armando Galarraga alikuwa amebakiza mpinzani mmoja tu kumaliza mchezo mkamilifu, yaani kuwatoa wapinzani wote 27 bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Katika historia yote ya ligi kuu ya nchi ile, hadi siku hiyo, jambo hilo lilikuwa limetokea mara 20 tu. Mpinzani wa mwisho alitolewa kihalali, lakini mwamuzi Jim Joyce akasema amefika salama. Mchezo ulipokwisha, Joyce akaangalia picha, akaona alichokifanya. Hakujificha nyuma ya sheria. Alikiri mbele ya waandishi wa habari, akamwomba Galarraga msamaha huku akilia. Galarraga akamkumbatia. Kesho yake, Galarraga ndiye aliyetumwa kumpelekea Joyce karatasi ya majina ya wachezaji mbele ya umati, na mwamuzi akafuta machozi hadharani. Wakuu wa mchezo hawakubadili matokeo. Kwenye kumbukumbu rasmi, Galarraga hana mchezo mkamilifu hadi leo. Lakini watu wawili walipatana, na hakuna aliyebaki akimwita mwenzake mwizi.

Mlinganishe na Pilato. Yeye hakukosea kwa jua usoni. Alijua kuwa Yesu hana hatia, akaogopa kelele za uwanja, akatoa hukumu iliyotakiwa na mashabiki. Kisha, katika Mathayo 27:24, akaagiza maji na kunawa mikono mbele ya watu wote. Pilato alitaka kuwa safi bila kurekebisha chochote. Hiyo ndiyo toba ya kunawa, nayo bado iko makanisani mwetu.

Huenda unasema, mimi si mwamuzi, sina filimbi. Una uhakika?

Wewe mzazi, siku ile fedha zilipopotea kabatini ulimchapa mtoto wa ndugu yako mbele ya watoto wote. Baadaye ukazikuta kwenye mfuko wa koti lako. Ulimwambia? Au ulimnunulia soda tu, ukaona yamekwisha?

Wewe kiongozi wa kwaya, ulimsimamisha binti kwa maneno uliyoyasikia, tangazo likasomwa ibadani. Sasa unajua kuwa maneno yale hayakuwa ya kweli. Umemrudisha kimyakimya, bila kulifuta tangazo. Nusu ya washarika bado wanamtazama kwa jicho lile lile.

Wewe mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, ulisema mbele ya akina mama kuwa hesabu ya fulani ina upungufu. Usiku ukagundua ni wewe uliyeruka mstari kwenye daftari. Kikao kijacho utasema nini?

Na wewe uliyenufaika na filimbi mbovu ya mwingine? Septemba 26, 2012, Miroslav Klose wa Lazio alifunga dhidi ya Napoli, mwamuzi akalikubali bao. Klose akaenda mwenyewe kumwambia kuwa mpira aliusukuma kwa mkono. Bao likafutwa, na Lazio wakaishia kufungwa 3-0. Kuna mpaka wa shamba uliosogea upande wako. Kuna cheo ulichopewa kwa kosa ambalo mwenzako hakulifanya. Hukudanganya, ulinyamaza tu. Lakini unajua mpira ulikuguswa wapi.

Naomba usinielewe vibaya. Sisemi kila dhambi ipigiwe kengele mbele ya kanisa zima. Kuna toba ya chumbani kwako na Mungu wako, na kuna maungamo ambayo yakisemwa hadharani yanaumiza wasiohusika. Kipimo nilichojifunza kwa yule kijana wa nyavu ni rahisi: ukweli ufike mpaka pale kosa lilipofika. Ulimkosea mtu mmoja faraghani, nenda kwake faraghani. Ulimchafua mbele ya kikao, msafishe mbele ya kikao kile kile. Kama filimbi yako ilisikika kiwanja kizima, msamaha wa kunong'ona hautoshi.

Na ninyi mashabiki, nikiwemo mimi, tuwahurumie waamuzi. Mtu anaweza kukosea bila kuhongwa. Tukisema "amekula hela" bila ushahidi tunavunja ile amri ya kutomshuhudia jirani yetu uongo, hata kama jirani huyo anatoka Mauritania. Kule Kanga, watu walimwita kijana mwuza mechi kwa hakika ile ile ambayo mzee wetu alimwita mwamuzi wa Pretoria mla rushwa. Tena waamuzi wengi wangekiri mapema zaidi kama wangejua kuwa hatutawala wakiwa hai. Galarraga alimrahisishia Joyce. Baba wa mwana mpotevu, katika Luka 15, alikimbia kumlaki kabla mtoto hajamaliza hotuba yake. Kanisa linapaswa kuwa mahali ambapo mtu anaweza kusema "nilikosea" akabaki na kiti chake.

Leo utapeleka sadaka mbele ya madhabahu. Bwana Yesu, katika Mathayo 5:23-24, anasema kwamba ukikumbuka pale pale kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende kwanza ukapatane naye, kisha urudi. Angalia kuwa hasemi kama wewe una neno juu yake. Anasema kama yeye ana neno juu yako. Sasa hivi, unaposoma mstari huu, kuna jina limekujia. Hilo ndilo. Usisubiri wiki tatu kama mimi, maana kila siku unayonyamaza kuna mtu anaendelea kushona nyavu peke yake.

Tuombe: Ee Bwana, wewe mwamuzi wa haki usiyekosea, utusamehe makosa tuliyoyafanya bila kujua, na ukimya tuliouchagua baada ya kujua. Utupe ujasiri wa kurudi kiwanjani. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.